Kiwanja Chetu: Miaka Arobaini

Makao Makuu, Ghorofa ya Tatu
Jumatatu, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wewe na wifi.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema "niko kazini", kana kwamba kazini kwako kuna kazi. Barua hii naitia kwenye mfuko wa ofisi unaopanda ndege ya kesho, kwa hiyo usije ukaniambia haikufika.

Kiwanja chenu cha ndege kinatimiza miaka arobaini tarehe 25 Aprili. Ofisi imenichagua mimi kuandika kijitabu cha sherehe: historia ya kiwanja na huduma zake, kurasa ishirini na nne, picha za rangi. Siku hiyo hiyo kitapandishwa daraja, na kwa mara ya kwanza itatua ndege ya abiria sabini. Itajaa wageni kutoka huku. Nami nitakuwemo, na Mama atakuwemo.

Unakumbuka alivyokuja kwangu kwa upasuaji wa macho: kwenye basi, haoni hata kiti cha mbele yake, anauliza kila saa tumefika wapi. Sasa anaona mpaka nyuzi zilizokatika kwenye mapazia yangu, na ananiambia. Nataka arudi kwa ndege, akae dirishani, aangalie chini.

Sasa nisaidie. Umekaa hapo miaka ishirini na miwili ukisugua gari jekundu lisilokwenda popote, basi angalau historia utakuwa umeisikia. Niandikie kiwanja kilianzaje, kina nini, abiria anapata nini. Mambo ya maana tu. Kejeli zako mwachie wifi.

Mdogo wako


Kikosi cha Zimamoto, Kiwanjani
Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo, anasema kejeli zangu amezichoka, kwa hiyo nakuletea wewe.

Umetaka historia. Kiwanja kilianza kama njia ya vumbi ya shamba la pamba. Ndege ilikuwa moja, ndogo, ya kunyunyizia dawa ya wadudu, na abiria wake walikuwa rubani na pipa la dawa. Jengo mnaloliita "la kisasa" lilikuwa ghala la mbegu. Simama kwenye dirisha la tiketi, inua macho: chini ya rangi tatu bado inasomeka USIVUTE SIGARA KARIBU NA MAGUNIA. Mizani ni ile ile ya pamba. Abiria anapandishwa na mizigo yake, karani anasoma uzito kwa sauti, kama alivyokuwa akiwasomea wakulima. Juzi mwalimu mkuu alisomewa kilo mia na kumi na nane mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Alishuka, akachukua begi lake, akarudi nyumbani. Safari basi.

Huduma. Mkanda wa mizigo una urefu wa mita nne. Umeme ukikatika, wapagazi wawili wanauvuta kwa mikono nyuma ya pazia, na wamekatazwa kukohoa. Duka linauza betri, biskuti na kadi za pongezi za harusi. Mgahawa umefungwa kwa ukarabati tangu enzi za meneja wa kabla ya meneja wa kabla ya huyu. Mwongoza ndege anaiongoza ndege kutoka mnarani, kisha anashuka ngazi mbio kuja kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba imetua, ingawa abiria wenyewe wanaiona.

Na sasa fahari ya kiwanja. Mbele ya mlango meneja wetu amejenga bwawa la saruji, katikati kuna korongo wa saruji anayetema maji juu. Ndiyo maana huku meneja tunamwita Rasharasha. Swali ni moja, na ulitie kwenye kijitabu chako: maji yanatoka wapi? Kisima ni kimoja na pampu yake ni mgonjwa. Tangi la jengo linavuja tangu zamani. Kwa hiyo kila akija mgeni mkubwa, Rasharasha anaamuru gari la zimamoto lisogezwe, mpira uunganishwe, na maji yetu ya kuzimia moto yaende kwa korongo na kwenye vyoo vya chumba cha wageni mashuhuri. Gari likishakauka, kulijaza tena ni saa sita. Ndege inatua, na sisi tumesimama kando ya tangi tupu na kofia zetu vichwani, tunapigwa picha.

Hayo ndiyo ya maana. Mama msalimie. Mwambie nyuzi za mapazia yako nilizijua kabla yake.

Kaka yako


Makao Makuu
Jumatatu, 24 Machi

Kaka,

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikakasirika. Nilikuomba historia, ukanitapikia nyongo. Hakuna kiwanja duniani kisicho na kasoro, ila kwingine watu wana adabu ya kuzinyamazia. Wewe ungealikwa harusini ungehesabu viraka vya turubai.

Nimeisafisha. Soma uone kazi inavyofanywa na watu wenye kazi:

"Kikiwa kimezaliwa katika mandhari ya kilimo, kiwanja kimekua pamoja na watu wake. Jengo la abiria limehifadhi haiba ya usanifu wa awali. Kila abiria huhudumiwa kwa karibu, mmoja mmoja. Langoni, mgeni hupokewa na sauti tulivu ya maji. Kikosi cha zimamoto kiko tayari saa zote. 'Tangi letu halijawahi kukauka,' asema mkuu wa zamu, mtumishi wa miaka ishirini na miwili."

Ndiyo, nimekuweka wewe. Watu wangu humu ofisini hawaamini kwamba nina kaka kiwanjani hapo. Nimekupa sentensi nzuri na picha ya robo ukurasa, sema ahsante.

Jingine. Meneja wenu amenipigia simu. Mtu mstaarabu sana, alinisalimia kwa heshima zote. Anasema kuna fomu ya utayari wa zimamoto, kwamba bila saini ya mkuu wa zamu ndege kubwa haipewi ruhusa ya kutua, na kwamba wewe umeiweka fomu hiyo chini ya birika la chai. Kaka, huu ni mwaka wangu wa kupandishwa cheo. Bosi wangu atakuwa kwenye ndege hiyo. Mama atakuwa kwenye ndege hiyo. Amenunua viatu vipya, anavivaa sebuleni kuvizoeza. Saini hiyo karatasi, usinitie aibu.

Mdogo wako


Kikosi cha Zimamoto
Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Kwamba tangi letu halijawahi kukauka, hiyo sentensi sikuisema. Ifute. Ukitaka kumvika Rasharasha kilemba cha ukoka, mvike, kichwa anacho. Changu kiache.

Sasa nikusimulie historia ambayo hukuniuliza. Miaka kumi na sita iliyopita wewe ulikuwa shule ya bweni. Meneja alikuwa mwingine, bwawa lilikuwa dogo zaidi, ila mtindo ulikuwa huu huu. Asubuhi moja alitarajiwa mgeni mkubwa. Nikaambiwa niunganishe mpira, nikasema "ndiyo mzee", nikaunganisha. Mimi, kwa mikono hii. Maji yakaenda kupendezesha lango.

Saa nne ile ndege ya pamba ikarudi kutoka shambani, bawa likagusa ukingo wa njia, ikapinduka na kushika moto. Tulifika kwa dakika mbili. Hata leo hujawahi kuona kikosi kikikimbia vile, kila mtu mahali pake, mpira ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Tukafungua. Maji yalitoka kwa muda wa mtu kunawa uso. Kisha mpira ukalegea mikononi mwetu. Rubani alikuwa hai. Alikuwa akigonga kioo. Tulichota mchanga kwa kofia zetu, na aliendelea kugonga, halafu akaacha.

Ripoti ilisema moto ulikuwa mkali kupita kiasi. Mgeni mkubwa hakuja siku ile, aliahirisha.

Sikumwambia mtu isipokuwa Mama. Nilimwambia siku ile ile, nimekaa jikoni kwake na sare ikinuka, na hajawahi kunikumbusha hata mara moja. Kwa hiyo nikikwambia sitasaini kwamba tangi limejaa wakati najua litamwagwa kwa korongo, usifikiri ni ukaidi. Nikiachwa nilijaze, libaki limejaa mpaka ndege iondoke, nitasaini hata mara kumi. Rasharasha anasema wageni hawawezi kuingia kwenye vyoo vikavu. Hapo ndipo tulipofikia: abiria sabini upande mmoja, vyoo upande wa pili, na meneja anapima.

Kwenye mizani ya pamba, bila shaka.

Kaka yako


Ofisi ya Meneja wa Kiwanja
Jumanne, 8 Aprili

Kwa: Mkuu wa Zamu, Zimamoto
Kuhusu: Ucheleweshaji wa fomu

Ofisi hii imesikitishwa na mwenendo wako. Umekumbushwa kwa mdomo mara tatu. Suala la matumizi ya maji ni la utawala, si la kikosi. Unatakiwa kuwasilisha fomu iliyosainiwa kabla ya saa tisa Ijumaa. Ukishindwa, ofisi itatafuta njia nyingine ya kukamilisha zoezi hili.

Aidha, unakumbushwa kwamba sare ya sherehe ni nyeupe na siyo ya kazini.

Meneja wa Kiwanja


Makao Makuu
Jumatatu, 14 Aprili

Kaka,

Nilijua. Damu nzito kuliko maji, hata maji ya zimamoto.

Fomu imefika leo, imepita mezani kwangu kabla ya kupanda kwa wakubwa. Imejazwa yote na saini yako iko chini. Nikashusha pumzi. Barua yako ile ya rubani sikuijibu. Pole. Ningependa ungeniambia zamani, si wakati ninapokuwa na kijitabu cha kupeleka kwa wachapaji. Lakini ni mambo ya miaka kumi na sita, kaka, na vyombo vya siku hizi ni vingine.

Sentensi yako imebaki, kijitabu kimeshachapwa. Nakala elfu mbili. Picha yako imetoka vizuri ingawa umenuna.

Mama ana kiti 9A, dirishani. Ananiuliza kila siku kama kutoka juu ataona paa la nyumba yake. Nimemwambia atauona hata mlango.

Mdogo wako


Kikosi cha Zimamoto
Jumanne, 15 Aprili

Barua yako imeshuka na ndege ya asubuhi, na hii inapanda nayo jioni, kwa hiyo nitasema kwa ufupi.

Sijasaini. Fomu yangu iko hapa, bado ina duara la birika.

Saini yangu unaijua kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye niliyekusainia ripoti zako za shule miaka mitatu baada ya Baba kufariki, na wewe ndiye uliyekuwa ukisimama begani mwangu ukisema mkia wa herufi ya mwisho urefuke kidogo. Kaitazame karatasi hiyo tena. Halafu upande nayo ghorofa ya juu, uwaambie ulichokiona. Ngazi unazijua.

Kaka yako


Makao Makuu
Jumatatu, 21 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Huku shughuli za maandalizi zimetushika shingoni, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nina habari ndogo. Mama ameghairi ndege. Unajua watu wazima walivyo, ameanza kuogopa dakika za mwisho, anasema basi amelizoea. Sikutaka kumlazimisha. Nimemkatia basi la Jumatano, atafika kwenu Alhamisi mchana. Mpokee stendi, ana maboksi mawili na sufuria.

Mimi nami imebidi nibaki. Kuna kazi za kugawa vijitabu ambazo hakuna mwingine anayeziweza. Imeniuma, lakini ndiyo kazi.

Viti havikuharibika. Nimempa mama anayefagia ghorofa yetu, yeye na binti yake. Kwao si mbali na hapo kwenu na hajawahi kupanda ndege maishani. Ungeona alivyofurahi, karibu aniangukie miguuni. Mtu ukiweza kumfanyia mwenzako wema, umfanyie.

Sherehe njema. Vaa sare nyeupe.

Mdogo wako akupendaye


Nyumbani
Jumatatu, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii haiji kwa mfuko wa ofisi. Mfuko wa ofisi si wangu tena, nimesimamishwa kazi tangu Ijumaa mchana. Nimeituma kwa posta kama watu wengine.

Mama alifika Alhamisi. Miguu imevimba, viatu vipya amevibeba mkononi. Nilimwambia pole, nasikia uliogopa ndege. Alinitazama, na sasa akikutazama anakuona kweli. Akasema, "Nani kaogopa? Nimeambiwa ndege imejaa." Akanywa maji, kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari lenu lina maji?" Nikamwambia halina. Akasema, "Basi mdogo wako anajua." Alikwenda kulala na nguo za safari.

Kwa hiyo uliitazama ile karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kukusamehe ujinga. Nilidhani umezoea kupaka rangi mpaka huoni tena kilicho chini ya rangi. Kumbe unaona vizuri sana. Uliona, ukahesabu, ukawatoa wako wawili, ukawaacha sitini na wanane, na viti viwili vilivyobaki wazi ukavijaza, visije vikazua maswali.

Rasharasha ni mpumbavu, na nimemdharau miaka saba kwa raha zangu. Anaamini kabisa kwamba ndege haiungui siku ya sherehe. Wewe hukuamini hivyo. Ndiyo maana dharau niliyokuwa nampa yeye naona ilikuwa ya bure, nimeipoteza kwa mtu asiyestahili.

Utataka kujua ilikuwaje, maana kijitabu chako hakitasema. Alhamisi tulijaza gari usiku kucha, pampu ikikohoa, tukimwambia Rasharasha ni kwa ajili ya korongo wake. Alitupongeza. Ijumaa saa moja asubuhi niliwasha injini nikalipeleka mpaka katikati ya njia ya ndege, pembeni, mahali ambapo vitabu vyote vinasema linatakiwa kukaa. Mpira una mita arobaini. Kutoka pale hadi bwawani ni mita mia sita. Alikuja mbio kwa miguu na suti yake, akagonga mlango wa gari, akaniita majina. Nilifunga kioo. Wenzangu watatu walikaa nyuma, wamevaa sare za kazi, na hakuna aliyeteremka.

Ndege ilitua saa nne na robo. Haikuungua. Ilitua kama ndege zinavyotua, ikasimama, ngazi ikashushwa. Tangi letu lilikuwa limejaa mpaka shingoni na hatukutumia hata kikombe. Korongo alikuwa mkavu, wageni walipiga picha mbele yake hivyo hivyo. Bosi wako aliingia chooni kwenye chumba cha wageni mashuhuri, akatoka akiwa na uso ambao sitausahau, na nusu saa baadaye nikapewa barua yangu. Ndani imeandikwa nimehujumu sherehe.

Mama amesema nikae nyumbani nipumzike, amenipikia tangu Jumamosi. Kwako hajasema nikupe salamu na mimi sikumuuliza.

Nimebaki na jambo moja ambalo si langu, nimetumwa. Yule mama anayefagia ghorofa yenu alishuka wa mwisho, amemshika binti yake mkono. Alikuja hadi kwenye gari, akaniuliza kama mimi ndiye kaka yako, maana pua tumefanana. Akaniambia wamekaa dirishani, mtoto kaona mto, kaona shule, kaona ng'ombe wadogo kama punje za maharage. Akasema miaka tisa anafagia hapo na hakuna mtu aliyewahi kumfanyia wema kama huo uliomfanyia wewe, na kwamba kila akisali anakutaja. Akaniomba nikufikishie shukrani zake, kwa sababu yeye hajui kuandika.

Nimezifikisha.

Kaka yako